Tuambiwe ni wastani upi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna takwimu za wastani zinavyoandikwa katika kurasa za habari. Karibu kila toleo hutuletea wastani wa mishahara, wa muda wa kusubiri huduma, wa umri wa kuishi au wa alama za watahiniwa, lakini ni nadra mno mwandishi kutaja ni wastani wa aina gani aliopewa au alioukokotoa mwenyewe. Ombi langu ni kwamba aina hiyo itajwe kila mara, kwa sababu zipo hesabu kadhaa zinazobeba jina hilo, na takwimu zilezile zikipitishwa katika hesabu hizo zinaweza kutoa majibu yanayopishana sana, yote yakiwa sahihi.

Tuseme watu tisa wamepanga foleni kwenye dirisha la huduma, na dakika walizosubiri, tukizipanga kuanzia ndogo, ni 4, 5, 5, 5, 6, 7, 8, 10 na 58. Ukijumlisha dakika zote unapata 108, na ukigawanya kwa tisa unapata 12, ambao ndio wastani wa kawaida tuliofundishwa shuleni. Ukimtazama mtu aliye katikati ya mpangilio huo, yaani wa tano, yeye alisubiri dakika 6, na hiyo ndiyo mediani. Ukiuliza ni muda gani umejirudia mara nyingi zaidi, jibu ni dakika 5, na hiyo ndiyo modi. Msemaji wa ofisi hiyo anaweza kusimama mbele ya waandishi akasema wateja wake husubiri dakika 5 kwa wastani, na mkosoaji wake akasema ni 12, na hakuna atakayekuwa amesema uongo, ingawa kila mmoja atakuwa amechagua namba inayomfaa. Isitoshe, katika watu hao tisa hakuna hata mmoja aliyesubiri dakika 12, na wanane kati yao walisubiri dakika 10 au pungufu.

Kutokana na mifano ya namna hii, wapo wanaohitimisha kwamba mediani ndiyo ya kweli na wastani wa kawaida ni wa kudanganyia watu. Sikubaliani nao. Tuchukue kwamba yule aliyesubiri dakika 58 amesubiri 148 badala yake. Wastani wa kawaida utapanda hadi dakika 22, ilhali mediani itabaki 6 kana kwamba hakuna lililotokea. Uthabiti huo ni sifa njema pale tunapotaka kujua hali ya mtu wa katikati, lakini ni upofu pale anayeumia ni yule wa mwisho. Tena mediani haijumlishiki: mtu anayepanga bajeti akipewa wastani wa kawaida wa matumizi ya kila kaya na idadi ya kaya, anazidisha tu na kupata jumla ya matumizi yote, kazi ambayo mediani haiwezi kuifanya hata kidogo.

Mjadala huu ni wa zamani, na sehemu yake muhimu ilifanyika, kama hii yangu, katika barua zilizotumwa kwa mhariri. Mwezi Februari 1907 mwanasayansi wa Uingereza, Francis Galton, aliliandikia jarida la Nature akisema kwamba pale kundi la watu, mathalani baraza linaloamua kiwango cha fidia, linapotoa makadirio yanayotofautiana, ni vyema kuchukua kadirio la katikati, kwa sababu wastani wa kawaida humpa nguvu kubwa zaidi yule aliyepotoka zaidi. Wiki moja baadaye alileta ushahidi kutoka kwenye maonyesho ya mifugo yaliyofanyika Plymouth, ambako watu walilipa kiingilio wakakisia uzito wa maksai mmoja baada ya kuchinjwa na kuandaliwa. Kadi 787 zilisomeka. Mediani yake ilikuwa ratili 1,207, na uzito alioutaja Galton kuwa ndio halisi ulikuwa ratili 1,198, tofauti isiyofika hata asilimia moja. Mwezi Machi mwaka huohuo suala la wastani wa kawaida likazuka katika kurasa hizohizo, na ukokotoaji ukaonyesha kuwa ulikuwa ratili 1,197. Kwa maneno mengine, kipimo ambacho Galton alikitilia shaka kilikaribia ukweli kuliko kile alichokipigania. Binafsi sioni kwamba hilo linabatilisha hoja yake. Linaonyesha tu kwamba makadirio yanapokosea pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, wastani wa kawaida hauna ubaya wowote.

Tatizo huja pale takwimu zinapoegemea upande mmoja, na kipato na mali ndivyo vilivyo karibu kila mahali duniani, kwa kuwa hakuna anayeweza kupata kipato cha chini sana kuliko sifuri ilhali juu hakuna dari. Utafiti wa fedha za kaya unaofanywa na Benki Kuu ya Marekani kila baada ya miaka mitatu ulionyesha kwamba mwaka 2022 mediani ya utajiri wa familia, baada ya kuondoa madeni, ilikuwa takriban dola 193,000, lakini wastani wa kawaida ulizidi dola milioni 1. Namba ya pili ni zaidi ya mara tano ya ile ya kwanza, na zote zimetoka katika utafiti mmoja. Gazeti likichapisha ya pili peke yake chini ya kichwa cha habari kinachozungumzia familia ya kawaida, litakuwa limeielezea familia ambayo si ya kawaida hata kidogo.

Umri wa kuishi nao huzua mkanganyiko wake, ambao mara nyingi nimeuona kwenye makala zinazozungumzia karne zilizopita. Katika watoto 10 waliozaliwa, wanne wakifa kabla ya kutimiza mwaka na sita wakafa wakiwa na miaka 65, wastani ni takriban miaka 39. Msomaji anayekutana na namba hiyo hudhani kwamba watu wa jamii hiyo walizeeka na kufa wakikaribia miaka 40, ilhali katika mfano huu hakuna aliyefariki katika umri huo wala umri wowote unaoukaribia. Pale takwimu zinapojikusanya katika makundi mawili yaliyo mbali namna hii, namba moja ya katikati haitoshi, iwe imekokotolewa vipi, na mwandishi angefanya vyema kutaja makundi yote mawili.

Hata mediani yenyewe husomwa vibaya. Mwaka 1982 mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould aligundulika kuwa na saratani ya aina ya mesothelioma, akakuta katika maandishi ya kitabibu kwamba mediani ya muda wa kuishi baada ya kugundulika ilikuwa miezi minane. Mtu asiyezoea takwimu angeelewa kwamba amebakiza miezi minane. Gould, aliyezoea kuzishughulikia katika utafiti wake, alielewa kwamba nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya hapo, na kwamba upande huo wa pili ungeweza kurefuka kwa miaka mingi, kwa kuwa upande wa chini umefungwa na sifuri. Alifariki mwaka 2002, miaka 20 baadaye, kwa saratani nyingine. Sitoi mfano huu ili kumpa mgonjwa yeyote matumaini yasiyo na msingi. Ninachosema ni kwamba habari ya afya inayotaja mediani bila kueleza kuwa nusu ya watu wako juu yake inaweza kumwumiza msomaji bila sababu.

Kuhusu modi sina mengi. Ndiyo pekee inayofaa pale vitu vinapohesabiwa kwa aina tu, kama vile makundi ya damu, na ndiyo anayoihitaji mshona viatu anayetaka kujua saizi ipi aitengeneze kwa wingi. Kompyuta itakubali kukokotoa wastani wa namba za simu ukiiomba, na haitakuuliza unataka kuufanyia nini.

Zipo pia hesabu mbili ambazo waandishi wa habari za uchumi na usafiri wanapaswa kuzifahamu. Anayekwenda kilomita 120 kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa kasi ya 40 hakusafiri kwa wastani wa 50, kwa kuwa ametumia saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, na kilomita 240 zikigawanywa kwa saa tano ni 48. Huo ni wastani wa hamoniki. Vilevile mtaji unaokua kwa asilimia 50 mwaka huu na kushuka kwa asilimia 50 mwaka ujao haurudi pale ulipoanzia, kwani 100 inakuwa 150 kisha 75, na kinachoonyesha hasara hiyo ni wastani wa kijiometri, ambapo namba huzidishwa badala ya kujumlishwa. Uchaguzi huu una uzito hata katika mambo makubwa: mwaka 2010 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilibadili ukokotoaji wa Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu kutoka wastani wa kawaida kwenda wa kijiometri, ili nchi iliyofanya vibaya katika afya, elimu au kipato isifiche udhaifu huo kirahisi nyuma ya mafanikio ya maeneo mengine. Alama za 0.9, 0.9 na 0.3 kwa njia ya zamani zinatoa 0.7, na kwa njia mpya takriban 0.62.

Kosa la mwisho, na ambalo huonekana sana katika habari za matokeo ya mitihani, ni kuchukua wastani wa wastani. Darasa la wanafunzi 10 lenye wastani wa 80 na darasa la wanafunzi 40 lenye wastani wa 50 hayatoi wastani wa pamoja wa 65. Ukijumlisha alama zote na kuzigawanya kwa wanafunzi 50 unapata 56.

Sidai kila habari igeuzwe kuwa somo la hisabati. Nafasi inayohitajika ni ya maneno machache ndani ya sentensi ileile: ni wastani wa kawaida au mediani, umetokana na watu wangapi, na thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ni zipi. Kwa habari za kipato na mali ningependa wastani wa kawaida na mediani vichapishwe kwa pamoja kila inapowezekana. Na pale ofisi iliyotoa namba inapoulizwa ni wastani wa aina gani ikashindwa kujibu, basi mwandishi aandike hivyo hivyo katika habari yake, kwamba iliulizwa na haikusema.

Wasalaam,
Msomaji wako