Mapafu ya Mwaka 1918: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Swali lako, namna ya kutofautisha uharibifu wa virusi na wa bakteria katika mapafu ya marehemu, nimeona nilijibu kwa maandishi, maana kwenye simu tungeishia kukatizana. Nachukua mfano wa homa ya mafua ya mwaka 1918, kwa kuwa wagonjwa wa wakati ule hawakuwa na antibiotiki wala dawa ya kuzuia virusi, hivyo ugonjwa uliendelea hadi mwisho bila kuingiliwa.

Ukitafuta uharibifu wa virusi kwa hadubini, anzia kwenye mirija ya hewa. Seli za juu, zile zenye vinyweleo vinavyosukuma makohozi, hufa na kubanduka, zikabaki za chini kabisa peke yake. Kwenye vifuko vya hewa utakuta majimaji, damu iliyovuja, na utando wa rangi ya waridi uliojipaka ukutani kama uji uliokaukia sufuriani. Huo ndio utando wa haialini, yaani protini za damu zilizochanganyika na mabaki ya seli, nao huizuia oksijeni kupita. Kuta zenyewe huvimba na kuingiliwa na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, na katika kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, damu huganda. Mgonjwa akiishi siku kadhaa zaidi, seli mpya huanza kuota, nyingine zikiwa bapa zisizofanana na zile za asili.

Tatizo ni kwamba picha hiyo safi ya virusi pekee, wanayoipenda waandishi wa vitabu, ni nadra kuikuta peke yake. Nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zikijaa vifukoni hadi hewa ikakosa nafasi, ujue bakteria wamekwisha kuingia kupitia njia ile iliyobanduka. Mwaka 2008 mwanapatholojia Jeffery Taubenberger na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua upya tishu za watu 58 waliokufa katika janga lile, na kwa wote walikuta mabadiliko makali ya nimonia ya bakteria.

Fikiria sasa askari mmoja wa miaka 21 aliyefariki tarehe 26 Septemba 1918 katika kambi ya jeshi ya Camp Jackson, South Carolina, nchini Marekani. Vipande vya mapafu yake vililowekwa katika formalini, dawa ya kuzuia tishu zisioze, vikahifadhiwa ndani ya nta kwa karibu miaka 80. Pafu la kushoto lilikuwa limeharibiwa vibaya na bakteria wa nimonia, ilhali la kulia lilikuwa bado katika hatua za mwanzo, uvimbe ukiwa hapa na pale kwenye mirija midogo na vifuko. Vipande vya jeni za virusi vilivyotangazwa mwaka 1997 vilipatikana katika tishu za pafu hilo la kulia, kwa sababu upande huo ulikuwa umechelewa kuugua na virusi vilikuwa havijatoweka.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuchukua sampuli, usikate pale palipogeuka pagumu na pekundu tu. Kata mapafu yote mawili, na uhakikishe kipande kimoja kinatoka mahali panapoonekana karibu pazima.

Wako,
Baba