Michelangelo hakulala chali, wala hakupaka rangi ya mafuta

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wasanii na watawala wa Italia ya karne ya 16 imesomeka vizuri, ila kwenye sehemu ya Michelangelo imerudia makosa mawili ya siku nyingi: kwamba dari ya Kikanisa cha Sistina, huko Vatikani, aliipaka akiwa amelala chali, na kwamba alitumia rangi ya mafuta.

La kwanza ni jepesi. Michelangelo alisimama juu ya jukwaa, kichwa amekirudisha nyuma na mkono ameunyoosha juu. Aliandika shairi la kulalamikia kazi hiyo, rangi inamdondokea usoni, shingo imemvimba, na pembeni mwa shairi akajichora mwenyewe akiwa wima. Jukwaa lenyewe alilibuni yeye. Bramante, msanifu wa Papa, alitaka kulining'iniza kwa kamba zinazopita kwenye matundu ya dari. Michelangelo akauliza matundu hayo yatazibwaje kazi ikiisha, kisha akajenga la kwake lililoegemea ukutani, karibu na madirisha.

La pili ni zito zaidi, maana linaficha sababu ya picha ile kudumu zaidi ya miaka 500. Ile ni fresko, yaani rangi iliyopakwa juu ya lipu mbichi ya chokaa. Fundi yeyote wa pwani yetu aliyewahi kuona matumbawe yakichomwa kupata chokaa anaijua nusu ya kazi hiyo. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuu kwa joto la nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya ukaa. Likilowekwa, hugeuka uji mzito mweupe. Uji huo ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa uliyoipoteza, na taratibu hurudi kuwa jiwe. Unga wa rangi uliochanganywa na maji matupu, ukipakwa kabla lipu haijakauka, hufungiwa ndani ya jiwe hilo. Hakuna gundi, hakuna mafuta. Rangi inakuwa sehemu ya ukuta.

Ndiyo maana fresko haisubiri mtu. Asubuhi fundi anapiga lipu laini ya juu kwenye kipande kinachoweza kumalizwa siku hiyo tu. Mchoro ulioandaliwa kwenye karatasi kubwa unabandikwa juu yake, mistari yake ikiwa imetobolewa matundu madogo, na kifuko cha vumbi la mkaa kinapigwapigwa hadi alama zipite. Kuna sehemu ambazo Michelangelo alikwaruza mistari moja kwa moja kwenye lipu. Kisha fundi anapaka, na ana saa chache tu. Lipu ikishakaza hainywi tena rangi. Kipande kisichopakwa kinakatwa ukingo kwa mwiko na kutupwa, na kesho lipu mpya inaanzia pale. Viungo hivyo bado vinaonekana kwa karibu, na kwa kuvihesabu wataalamu wanajua umbo la Adamu lilichukua siku 4 za kazi. Si rangi zote zinazostahimili ukali wa chokaa: udongo mwekundu na wa manjano hauna shida, lakini baadhi ya buluu huharibika, hivyo hupakwa lipu ikishakauka, kwa gundi. Hizo ndizo za kwanza kubanduka.

Na mambo yaliharibika kweli. Mapema katika kazi, kwenye picha ya Gharika ya Nuhu, mojawapo ya picha za dari hiyo, lipu ilianza kuota ukungu hadi sura zikafifia. Michelangelo akamwendea Papa Julius II na kumwambia kwamba kazi hii si fani yake. Akatumwa msanifu majengo Giuliano da Sangallo kuangalia. Chokaa ya Roma hukauka polepole, na huchanganywa na pozolana, majivu ya volkano, badala ya mchanga. Michelangelo alikuwa ameizidishia maji. Maji yakapunguzwa, kazi ikaendelea.

Mfano wa upande wa pili ni Karamu ya Mwisho, picha ya ukutani ya Leonardo da Vinci huko Milano, aliyoagizwa na mtawala Ludovico Sforza na kuifanya kati ya takriban 1495 na 1498. Leonardo hakuwa mtu wa kufukuzana na lipu. Kuna siku alipaka tangu alfajiri hadi jua kuzama, na kuna siku alifika, akagusa mara moja mbili, akaondoka. Kwa hiyo akapaka juu ya ukuta mkavu, kwa rangi zenye yai na mafuta, kama mtu anayepaka ubao. Akapata vivuli laini na nafasi ya kurekebisha. Lakini unyevu wa ukuta ukapenya nyuma ya rangi, na kufikia 1517, Leonardo akiwa bado hai, tayari ilikuwa inabanduka. Kinachoonekana leo, baada ya ukarabati wa 1978 hadi 1999, ni mabaki.

Kuhusu watawala, makala imewapa sifa za ukarimu tu. Julius II aliagiza dari mwaka 1508 na ikafunguliwa yote tarehe 31 Oktoba 1512, lakini katikati alikwenda vitani Bologna na fedha zikakatika. Msanii ikabidi amfuate huko kudai. Miaka zaidi ya 20 baadaye, ukuta wa picha ya Hukumu ya Mwisho katika kikanisa hichohicho uliandaliwa na mchoraji Sebastiano del Piombo kwa ajili ya rangi ya mafuta. Michelangelo aliamuru maandalizi yote yabanduliwe, akaanza upya kwa fresko mwaka 1536. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, na alijua alichokuwa anakikataa.

Nyongeza moja kuhusu picha mliyochapisha. Rangi kali zinazoonekana humo ni matokeo ya usafishaji ulioanza 1980, ulioondoa masizi ya mishumaa na gundi za warekebishaji wa zamani. Wapo waliolalamika kwamba umeondoa pia miguso ambayo Michelangelo aliiweka lipu ikiwa kavu, na ubishi huo haujaisha. Lakini pengo lililo kwenye picha ya Gharika halikuletwa na uzee wala usafishaji, kama maelezo yenu yanavyodai. Mwaka 1797 baruti ililipuka kwenye ngome ya Castel Sant'Angelo, jirani na pale, na lipu ikaanguka.

Mwalimu wa sanaa,
Tanga