Madume ya sufu yabaki bara, huku Pwani tulinde kondoo wetu wekundu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mombasa. Siku hizi ukikaa na wafugaji wanaoleta kondoo mjini kutoka Kwale na Kilifi hukosi kusikia mtu akisema tuleteni dume la Merino, wale kondoo wa sufu laini, tuchanganye na kondoo wetu wekundu wa Wamaasai, eti tutapata sufu ya kuuza na vijana watapata kazi. Hamu hiyo naielewa kabisa, pesa nzuri ya kondoo twaiona msimu wa Idd halafu basi, na mnyama unayemkata manyoya kila mwaka bila kumchinja ni mali. Lakini naomba nafasi niseme wazi: kwa hali ya hewa yetu mpango huu utatumalizia kondoo na hiyo sufu hatutaiona.

Watu hupenda kutoa mfano wa Corriedale, kwamba New Zealand na Australia walichanganya Merino na Lincoln mwisho wa karne ya 19 wakapata kondoo wa nyama na sufu. Kweli, lakini wale wote wawili walikuwa kondoo wa sufu tangu mwanzo! Sisi twaanza na kondoo wa nywele. Mtoto wa kwanza atatoka na manyoya mchanganyiko, sufu kidogo na nywele ngumu katikati, na hizo nywele hazishiki rangi vizuri, kwa hivyo mnunuzi akizishika tu bei inashuka. Merino wa kweli unene wa unyoya wake uko chini ya mikroni 24 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ukishapita 30 hapo wazungumzia uzi wa zulia. Kuisafisha hiyo sufu ni lazima huyo chotara jike umrudishe tena kwa dume la Merino upate mwenye damu robo tatu ya Merino, halafu mwanawe tena upate saba kwa nane, na kila kizazi uandike nani kazaa na nani, nani katoa kilo ngapi, wabaya uwatoe. Hiyo ni kazi ya miaka, na kila unapomwongeza Merino ndivyo unavyompunguza yule mwekundu aliyezoea magonjwa ya huku.

Nilimwona chotara mmoja upande wa Kilifi baada ya masika, aliletwa kutoka bara. Kwa mbali alipendeza sana. Lakini ukimfungua manyoya ya mgongoni kwa vidole gumba, ndani palikuwa bado pamelowa na jua lishawaka tangu asubuhi, sufu imegeuka manjano inaelekea kijani, yanuka, na karibu na mkia mabuu ya nzi washaingia kwenye ngozi. Nikamvuta kope la chini, nyama ya ndani nyeupe kama karatasi, maana yake minyoo ya tumbo yamnyonya damu na hana muda. Mwenyewe alikuwa ashampa dawa ya minyoo zaidi ya mara moja, maskini, na kondoo wekundu waliokuwa wakila nyasi hizo hizo kope zao nyekundu kabisa.

Na hili si la kubahatisha, lilipimwa hapa hapa kwetu. Miaka ya 90 watafiti wa mifugo waliwaweka kondoo wekundu wa Wamaasai, Dorper (kondoo wa nyama wa asili ya Afrika Kusini) na machotara wao pale Diani, ng'ambo ya feri, wakala malisho mamoja yenye minyoo ile ile. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo kwenye mavi, damu yao haikushuka sana na watoto wao walikufa wachache kuliko wa Dorper. Na Dorper ana damu ya kondoo wa Kisomali wa kichwa cheusi, bado alishindwa, sasa Merino wa watu ataponea wapi kwenye unyevu huu wa Pwani? Hata Lord Delamere, yule mlowezi Mwingereza, alipoleta kondoo wa New Zealand kule Njoro zaidi ya miaka 100 iliyopita wengi walimfia, na Njoro kuna baridi.

Sipingi sufu. Lesotho wanaishi nayo, lakini ile ni milima yenye baridi, na kwetu Kenya milima ipo, Nyandarua, Molo, Timau, huko ndiko madume ya Merino na Corriedale yapelekwe, wafugaji wa huko wapewe soko la uhakika na sufu yao iletwe Mombasa tuifume au ipakiwe bandarini. Kinachoniuma ni kwamba tangu miaka ya 70 wekundu halisi wanapotea kwa sababu kila mtu alikimbilia Dorper bila mpango, leo ukitaka dume jekundu safi watafuta mpaka uchoke, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, imelazimika kuweka kundi lake kule Kapiti, Machakos.

Kwa hivyo naomba idara za mifugo za kaunti zetu za Pwani, kama pesa ya kununua madume ipo, nunueni madume mekundu safi, wapeni vikundi vya wafugaji dume moja kwa majike 30 hivi, na mtu wa kuandika rekodi za kila kondoo anayezaliwa. Na wafugaji wenzangu, kabla hujalipa dume lolote kutoka bara muulize mwenyewe lililelewa wapi na lapewa dawa ya minyoo mara ngapi kwa mwaka.

Mfugaji,
Kisauni, Mombasa