Shukrani kwa mwalimu wa kuogelea wa watoto wetu, Nungwi, Zanzibar

Dada yetu, jina lako silitaji kwa kuwa mwenyewe hupendi kutajwa, lakini asante hii lazima niitoe hadharani. Mungu akulipe kheri.

Umewafunza watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, kwenye maji ya kiunoni bahari ikiwa shwari. Hukuanza na kupiga mbizi wala mashindano. Ulianza na kuelea chali: masikio majini, kitovu juu, pumzi taratibu, mpaka mtoto aache kupapatika. Wasichana waliingia na nguo zao ndefu na vilemba, na sisi mama zao tukaridhika kabisa.

Somo la dumu ndilo lililonigusa zaidi. Mwenzio akizama usimrukie, atakung'ang'ania mzame wote. Piga ukelele, mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kizibo. Wavuvi wazima huku kwetu wamepotea kwa kutolijua hilo! Ukawafunza pia kujihadhari na mkondo wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Wa miaka miwili mitatu ulituambia wazi: wachezee maji, ila mtu mzima awe karibu kiasi cha kuwashika, na nyumbani ndoo na visima vifunikwe. Shirika la Afya Duniani nalo linahimiza mafunzo ya kuogelea na uokozi kwa watoto waliozidi miaka 6.

Malipo ulikataa. Ulichotaka ni tuwahi kabla maji hayajapwa. Jumamosi tutawahi, na watoto wa jirani tunakuja nao.