Shukrani kwa mama mtaalamu wa maji, mafunzo ya mafuriko Dar es Salaam

Kwako mama mtaalamu wa maji, uliyeketi nasi wajumbe wa kamati za mitaa katika mafunzo ya kukabiliana na mafuriko ya Bonde la Msimbazi: naomba upokee shukrani zangu hapa hadharani, kwa kuwa uliondoka kabla sijapata kukuuliza jina.

Mtoa mada alipotaja "mafuriko ya miaka 100" na kuendelea na mada yake, wewe ulikigeuza kiti chako, ukatueleza kwa subira kwamba hayo si mafuriko yanayosubiri karne ipite, bali ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea kila mwaka, na kwamba anayeishi kando ya mto kwa miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 kuyashuhudia. Sisi tunaoikumbuka Desemba 2011, mafuriko yalipowaua watu zaidi ya 40 jijini na manusura wengi wakahamishiwa Mabwepande, tuliyahitaji mno maelezo hayo. Kisha ukaufuata mto kwa kidole kwenye ramani, kutoka vilima vya Pugu, kupita Jangwani hadi baharini, ukionyesha jinsi mvua iliyonyesha huko juu inavyotufikia hata kwetu kukiwa kukavu. Naamini somo hilo lilistahili kutangulia mengine yote.

Maelezo yako nimeyafikisha kwenye mkutano wa mtaa, na wazee wameomba alama za kina cha maji zichorwe kwenye nguzo zilizo karibu na mto. Ahsante sana, mama.