Spika ya katikati haikuwa imekufa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wa redio na wauzaji wa homu thieta, na wasomaji wenzangu nao wapate nilichojifunza baada ya mwezi mzima wa kuhangaika. Mimi si fundi. Ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza.

Naishi Mabatini na mama yangu mzazi. Presha ya macho ilimchukulia nuru, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Tangu hapo runinga kwake ni redio. Taarifa ya habari anaifuata kwa masikio, na zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili anazijua mtu kwa mtu, kwa sauti zao tu. Ndiyo maana nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa nikamnunulia homu thieta ya Sh350,000, spika tano na sabufa yake, ile spika kubwa ya mdundo, maana spika za runinga hizi bapa zimefichwa mgongoni na sauti yake inaishia ukutani.

Mama hakusikia vizuri. Muziki ulijaa nyumba nzima, mlango ukibamizwa kwenye tamthilia unashtuka, lakini mtu akifungua kinywa maneno hayashikiki. Akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wanasemea ndani ya mtungi." Nikiongeza sauti, mdundo unapanda nayo, majirani wanalalamika. Nikipunguza, anabaki kuuliza, "Kasemaje? Kasemaje?" Baadaye akaacha kuuliza. Saa mbili usiku, wakati wa habari, akawa anatoka kukaa barazani peke yake. Hilo ndilo lililoniuma.

Fundi wa kwanza aliinama kwenye spika ya katikati, ile ndefu inayolala chini ya runinga, akaikuta kimya, akaniambia: "Mama, hii imekufa, na huenda imeungua na huku ndani. Tafuta Sh80,000, au nunua nyingine tu." Hakufungua hata skrubu moja. Dukani nilikonunua wakanijibu kwamba spika hazimo kwenye waranti.

Sisi watu wa dagaa tunapata mapumziko yetu mwezi ukiwa mkubwa. Mbalamwezi ikimulika, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala. Siku moja ya namna hiyo nikaifunga ile spika kwenye kanga, nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio maeneo ya Makoroboi. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuwasha mashine yoyote. Alitoa kitambaa cha mbele, wakamwagika wadudu wakavu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi kutoka majini na kufuata taa za majumbani, wakajaa kiganja. Akawapangusa kwa brashi ya rangi, akasema hao sio ugonjwa wetu. Kisha akachukua betri moja ya rimoti, ile ndogo ya volti 1.5, akagusisha ncha mbili za waya wa spika kwenye betri. Tak! Karatasi nyeusi ya ndani ikaruka mbele kidogo, nikaiona kwa macho yangu. Akageuza betri: tak, ikarudi nyuma. Akaachia mara moja, kwa sababu betri haitakiwi kukaa pale. "Iliyokufa hairuki," akasema.

Jioni akaja nyumbani. Kwanza aliweka diski ya filamu, na spika ya katikati ikasema! Nilisimama pale nimeshika mdomo. Kumbe king'amuzi changu kimeunganishwa na homu thieta kwa waya mbili tu, mwekundu na mweupe. Hizo ni njia mbili za sauti, kushoto na kulia, basi. Homu thieta ilikuwa imewekwa itoe kile inachopewa, na kwa kuwa hakuna kilichotumwa katikati, spika ya katikati inakaa kimya ikiwa nzima kabisa. Mzee akabonyeza kitufe cha sauti ya mzunguko kwenye rimoti mara tatu mpaka yakatokea maneno Pro Logic. Kazi ya mtambo huo ni kuchukua kile kilicho sawasawa kushoto na kulia, ambacho mara nyingi ni sauti ya mtu anayezungumza, na kukipeleka katikati. Yule fundi wa kwanza angejaribu diski moja tu, asingetamka neno kufa.

Lakini hata hivyo spika mbili za mbele zingetosha kumsikilizisha mama, maana watu wengi wana spika mbili na wanaelewa habari vizuri. Kwa nini zangu zilikuwa zinasemea mtungini? Mzee akarudia betri yake. Kushoto: karatasi ikaruka mbele. Kulia, kwa mpangilio uleule wa waya: ikaenda nyuma. Nikakumbuka. Tulipopaka rangi ukuta, vijana walichomoa waya za nyuma, na kwenye kurudisha ule wenye mstari mwekundu wakauchomeka kwenye tundu jeusi. Spika inalia kama kawaida, wala huwezi kujua. Ila moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta. Sauti ya mtu, kwa kuwa imo sawasawa pande zote mbili, inaliwa katikati ya chumba: inakonda, haina mahali inapotokea, na mdundo nao unapungua. Nami nilipoona mdundo umepungua nilifanya nini? Nilizungusha kitufe cha sabufa mpaka mwisho! Nikawa nafukia maneno kwa mikono yangu, kila siku, bila kujua.

Waya ukageuzwa, sabufa ikarudishwa chini ya nusu. Spika ya katikati nilikuwa nimeisukuma ndani kabisa ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma, juu yake maua. Kitambaa nilikifuma mwenyewe na nakipenda, lakini kimehamia mezani. Sasa spika imekaa ukingoni, chini yake kipande cha mbao ili itazame juu, usawa wa masikio ya mama akiwa kwenye kochi. Nyumba yetu haina dari, ni bati na sakafu ya saruji. Ukipiga kofi moja unasikia linajibu. Nimetandika mkeka mkubwa na kutundika pazia zito, na mwangwi umepungua sana.

Mzee alitaka Sh5,000. Nikamwongezea na kilo mbili za dagaa.

Usiku ule mama alikaa ndani wakati wa habari. Msomaji hajamaliza hata vichwa vya habari, mama akageuka upande wangu: "Huyu dada leo ana mafua."

Mhariri, mafundi wetu nawaheshimu, kazi yao ni ngumu. Nawaomba kabla ya kumwambia mtu anunue spika mpya wapime kwa betri, wajaribu chombo kingine, wafuate waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Wauzaji nao wafungue boksi mbele ya mteja na kumwonyesha waya upi unaingia wapi na kitufe kipi kinafanya nini. Ni kazi ya dakika kumi. Na wanaoingiza vyombo hivi nchini watuwekee karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili. Ya kwangu ina kurasa nyingi na hakuna hata mstari mmoja ambao mimi au mama ninapomsomea tungeuelewa. Shirika la Viwango Tanzania likiweza kulisimamia hilo, nitashukuru, na najua wako wazee wengine wasioona ambao muda huu wamekaa barazani kwa ajili ya waya mmoja uliogeuzwa.

Mama muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza