Ziara za jamaa gerezani zipewe uzito

Mhariri,

Tangu mageuzi yaliyosimamiwa na Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais, magereza ya Kenya yamepiga hatua ya kupongezwa. Wafungwa hufanya mitihani ya kitaifa wakiwa ndani, na huko katika gereza la Kamiti, Nairobi, wapo waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Karakana nazo hufunza useremala, ushonaji na uchomeleaji, stadi ambazo zina soko katika kila mji wetu.

Hata hivyo, fundi asiye na cheti hutiliwa shaka na waajiri, sembuse yule aliyetoka gerezani. Naomba kila anayejifunza ufundi asajiliwe kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kabla ya kuachiliwa, na asihamishwe gereza lingine kabla ya kukamilisha kozi, isipokuwa usalama ukilazimu.

Linalonisikitisha zaidi ni umbali. Kanuni za Mandela kuhusu jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinahimiza mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Mama anayetoka Lodwar kumwona mwanawe Kamiti hutumia nauli ya kulisha nyumba nzima, ilhali ni yeye atakayempokea kijana huyo siku ya kutoka na kumtafutia pa kuanzia kazi. Idara ya Magereza iwaongezee muda wageni wa mbali, na iwawekee mahali pa staha pa kuketi na kuzungumza.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru